Mwanga Uliendelea Kupita

Milwaukee, Jumapili

Kwako dada yangu Bernadette,

Salamu nyingi, nikiomba zikukute umeanza kula na kulala. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili upo. Akili ndiyo inayonihangaisha.

Tangu mazishi ya Mama hatujasemeshana, na kosa ni langu. Pale hospitali nilikwambia mbele za watu kwamba umemuua, eti kwa kuwa ulitia sahihi mashine izimwe na viungo vyake vitolewe. Najua neno hilo ndilo linalokunyima usingizi.

Sasa sikia. Kesho yake nilikimbilia kazini, maabara yetu ya kuchunguza viungo visivyofaa kupandikizwa, ili nisikuone. Tukaletewa ini, bila jina kama kawaida, umri na jinsia tu. Mwenzangu Lyle akatania kwamba bibi huyu alikuwa mtu wa Wisconsin haswa, jimbo la maziwa na jibini, ini limejaa siagi hata hakuna mgonjwa wa kupewa. Nikacheka. Mara kisu chake kikagonga chembe ya risasi. Dada, ni ile ya ajali ya kuwinda kulungu, ile Mama aliyokataa katakata itolewe mwilini! Sheria yetu ni kwamba ukimtambua mtu, unajitoa kwenye kazi hiyo. Mimi sikujitoa.

Seli za ini ukizitenganisha, kila moja hujikunja kivyake. Zikigusana tena, hufungua vijia na kupitishiana vitu moja kwa moja. Baada ya mazishi niliitia moja rangi inayong'aa. Mwanga ukaingia kwa jirani, kisha kwa jirani yake, polepole, kama watu wanaowashiana taa. Mama tumeshamzika, Berna, na huku anaongea! Nilijikuta namwita.

Kisha moja ikaanza kufa. Kwa kawaida wenzake huifungia vijia ili kifo kisiwafikie. Hizi zilikataa kufunga. Zikawa zinakufa moja baada ya nyingine, na mwanga unapita tu. Lyle akasema sahani hiyo ya seli imeharibika, niimwagie dawa ya kuziua twende tukale samaki wa kukaanga, desturi ya Ijumaa hapa. Nikamwomba anisubiri nje.

Hili sijamwambia mtu. Niliimwaga ile dawa kwa mkono wangu, mwanga ukiwa bado unapita. Wewe ulimwachilia Mama akiwa kimya, daktari ameshakwambia ameondoka. Mimi nilimzima akiwa anaongea. Kama kuna muuaji kati yetu, si wewe. Lala, dada yangu.

Nibusie watoto. Ukinikubalia, nitakuja.

Mdogo wako,
Renata