Sitoki Kwenye Meza ya Usonara

Chumba cha nyuma,
Duka la usonara.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Wifi naye hajambo? Na lile goti lako, limepoa au bado unapanda ngazi kwa kuguna? Sisi huku wazima, kila mtu na yake. Mimi ni mzima kuliko mnavyosema.

Barua yako nimeisoma, tena nimeisoma mwenyewe, sikumwita mtu. Unataka nifunge duka, meza na vifaa apewe binamu yetu, mimi nihamie kwa dada mkubwa nikapumzike. Nipumzike nini? Tangu marehemu baba aniketishe kwenye meza hii sijajua kazi nyingine, na hamu ya kuijua sina.

Najua kilichowatia kiwewe ni ule mkufu. Kweli, nililehemu kifungio kikashikana moja kwa moja, na mteja akaja juu kwa sababu mkufu haupiti kichwani. Wewe ulicheka kwenye simu mpaka ukakohoa, halafu ukaitisha kikao cha familia bila mimi. Hilo limeniuma, nakwambia wazi.

Basi nilikwenda kwa daktari wa macho. Akanichunguza, akasema si ugonjwa, wala si mtoto wa jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa umri ukienda, ikashindwa kujirekebisha kwa vitu vya karibu. Humpata karibu kila aliyevuka arobaini. Wewe pia, bwana mkubwa, maana kwenye picha nimekuona umeishika simu mbali utadhani inakuunguza.

Akanieleza njia zilizopo. Iko miwani ya karibu tu, na iko ya sehemu mbili, juu mbali, chini karibu. Ziko lenzi za kuvaa machoni, lakini vumbi la tupa na moto wa kulehemu havitaki mzaha, naye akakubali. Yako matone ya kubana mboni kwa saa chache, ila penye mwanga hafifu unaona kwa shida. Upo na upasuaji wa kubadilisha lenzi, ingawa wengine baadaye huona taa zimezungukwa na duara za mwanga, na lenzi ikishatolewa hairudishwi. Nikachagua miwani.

Hapo nikafanya ujinga wa ukoo wetu. Aliponiuliza nataka kuona nini, sikutaka ajue kwamba kazi inanishinda. Nikamjibu, "Gazeti, daktari." Akanipimia gazeti. Kufika mezani, gazeti naliona mpaka nukta, pete siioni! Gazeti nalishika mbali, pete naileta karibu na pua kama alivyokuwa akifanya baba. Niliivua ile miwani nikaisukumia kwenye droo, nikalia kwa hasira. Usithubutu kumwambia dada mkubwa.

Kesho yake nilirudi na koleo, pete na kigoda changu, nikajipanga mbele ya daktari kama nilivyo kazini. Akacheka. "Sasa mama, si ungesema tangu jana?" Akapima kutoka jichoni hadi mkononi, akanitengenezea miwani ya umbali huo. Nikiinua kichwa, mlango wote ni ukungu, wateja nawajua kwa sauti. Lakini nikiinama, naona hata mikwaruzo ya tupa.

Juzi dada mkubwa alikuja na hereni iliyokatika ndoano. Yeye ndiye aliyesema kwenye kikao kwamba hatanipa tena hata kipini. Nikailehemu akiwa ameniinamia begani, akaivaa palepale, akauliza kama naweza kumtengenezea na bangili. Nikamwambia akae kwenye foleni.

Kwa hiyo binamu mwambie atafute meza yake. Daktari amesema macho yatazidi kuchoka, na nitabadilisha miwani tena na tena. Nitabadilisha. Siku ya kutoka hapa ipo, lakini nitaitaja mimi, si kikao chenu, na usinitumie barua nyingine ya kunizika nikiwa hai.

Msalimie sana wifi, na mama mkwe wako. Watoto waambie shangazi anawakumbuka kila siku. Mungu awafunike kwa rehema zake na akutengenezee hilo goti.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponikera,

Bado sonara.