Makhanu hakuwa ananipuuza

Vale, nimetoka wodi saa hii. Usinipigie, nitalia mbele ya watu.

Si pombe. Si madharau. Makhanu hasikii. Mume wangu hasikii, Vale, na mimi miezi minne nimemnunia kwa vile nikimwongelesha ananiangalia tu.

Walimdunga sindano mgongoni, wakatoa maji wakapima. Daktari anasema ni kaswende, imeingia mpaka kwa ubongo na masikio. Nikamwambia haiwezekani, ARV anameza kila siku, mwaka jana virusi zilikuwa chini kabisa. Akaniambia, "Mama, ARV haitibu kaswende."

Halafu akauliza, "Mara ya mwisho yeye mwenyewe kuonekana kliniki ni lini?"

 Unajua vile yeye hushinda barabarani, huko Salgaa, na lori. Dawa zake huchukua mimi. Kila nikiulizwa anaendeleaje, najibu yuko sawa, ndio wasimsumbue kumwita. Yuko sawa. Nilisema hivyo mara tatu, Vale, na angeenda mwenyewe wangempima damu mapema.

Sasa ni penisilini kwa mshipa kila masaa manne, siku kumi na nne. Ugonjwa utaisha. Masikio daktari hakuahidi. Mimi pia wamenitoa damu, nangoja majibu.

Nikamwinamia nikamwambia pole, makosa ni yangu. Akaniangalia tu, vile vile.

Halafu akaongea kwa sauti kubwa, wodi nzima ikageuka. "Nekoye, bado umeninunia?"