Kahawa ya Kutafuna Brussels

Shikamoo Baba,

Fungate hii ni tamu mno! Tumefikia kwa wifi yangu huku Auderghem, kitongoji cha Brussels. Manyunyu hayakatiki, na Deo wangu haniachii mkono hata tukiwa dukani.

Jana wakazi wa hapa waliandaa kifungua kinywa ukumbini, vyakula vyote vya biashara ya haki, ile inayomlipa mkulima bei ya halali. Deo akatangaza kwa maringo, "Mke wangu ni binti wa mkulima wa kahawa, Bukoba!" Bibi mmoja akanimiminia kikombe, wifi akitafsiri: "Onja utuambie, ni kama mnayokunywa kwenu?"

Baba, niliona aibu! Sisi kahawa tunachuma, tunaanika, tunapeleka chama cha ushirika, kisha tunakunywa chai. Nikafungua pochi nikawagawia zile kahawa za kutafuna ulizonifungia, kama tunavyomkaribisha mgeni. Bibi akatafuna, akakunja uso, akanyoosha mkono tena.

"Zimetoka kwa nani hizi?"

"Kwa baba yangu. Ila anataka kuing'oa mibuni yote. Anasema wanaokunywa hawamjui hata jina."

"Kwani anaitwa nani?"

Nikamtajia. Akasimama, akainua kikombe, na ukumbi mzima ukaliita jina lako, Baba, wakilitamka vibaya kweli! Nililia kwa furaha begani kwa Deo.

Basi lile shoka ulilonoa, lirudishe stoo. Mkumbatie Mama kwa niaba yangu hadi aseme basi.

Mwanao, mke wa Deo (nazidi kupenda kuandika hivyo!)