Sura ya Mke wa Kaisari

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa Peritio

Diwani Zosimo kaja asubuhi, joho lote matope. Eti mji wetu umeruhusiwa kugonga sarafu za shaba zenye sura ya mke mpya wa Kaisari. Siku kumi tu! Baba akajibu kwa ile sauti yake ya zamani, "Zitakuwa tayari, mheshimiwa."

Baba haoni tangu mwaka juzi. Mchongaji wa muhuri wa kugongea sarafu ni mimi, binti yake. Hayo yote tunayajua wawili tu, yeye na mimi.

Nikauliza, mfano wa sura yake uko wapi? Hakuna. Haujafika kutoka Rumi. Sasa nachonga nini?

Jumatano, 5 Peritio

Nimeazima sarafu kwa wasafiri sokoni. Nimezidi kuchanganyikiwa. Ya Smirna: mama mzima, kidevu mara mbili. Ya Laodikea: kasichana, shingo kama ya korongo. Ya Pergamo — huyu ni Kaisari mwenyewe kavikwa nywele za kike! Na jina ni moja kwenye zote tatu.

Baba kacheka mpaka kakohoa. Kasema wenzetu nao hawajamwona. "Tia mawimbi kwenye nywele, nyoosha pua, andika jina. Nani atabisha?"

Lakini ni mtu. Yuko mahali fulani, anakula, anapiga chafya.

Jumapili, 9 Peritio

Pua! Nimeifuta, nimeirudia. Siku mbili sasa.

Jumamosi, 15 Peritio

Zimetoka. Jirani yangu Meltine, muuza sufu, kaigeuza moja juani. "Ammia, huyu si wifi yangu huyu? Mdomo wa kununa ule ule!" Mwoka mikate akasema hapana, ni mke wa diwani. Wakabishana kweli kweli. Nilichonga nani? Sijui. Ila nilipoona anapita mkono kwa mkono nilijisikia — sijui. Kama nimemwoza binti.

Jumatano, 19 Peritio

Siku gani hii!

Asubuhi kaja mwenye nyumbu kutoka Efeso. Kasema Kaisari kamfukuza mkewe, kampeleka kisiwani. Mwenzake akasema amekufa. Wa tatu akaapa ni mjamzito na mzima kabisa. Nimwamini nani?

Kabla ya saa nne Zosimo alikuwa mlangoni na kapu la sarafu, jasho linamtiririka. "Ponda uso! Jina langu liko upande wa pili, mnataka niuawe? Uso tu, jina langu liacheni!"

Baba akaniashiria. Nikachukua patasi na nyundo. Nikaweka sarafu ya kwanza chini ya patasi. Mwanamke simjui, hajanikosea, na pua yake nimeihangaikia mwenyewe. Nikagonga. Baada ya hapo sikuangalia tena, nikawa nahesabu tu. Thelathini na moja.

Mchana Zosimo karudi mbio. "Acheni! Acheni!" Karani wa liwali kafika mjini, na hana barua yoyote ya kumwondoa mke wa Kaisari. Kumponda uso bila amri ni uhaini.

Nikasema, "Mheshimiwa, si wewe uliyetuamuru?"

"Mimi? Mimi nilisema wekeni pembeni."

Hivyo hivyo, akinitazama machoni! Kisha akamgeukia Baba: "Mzee, kesho utajieleza barazani."

Kwa hiyo ni malkia au si malkia? Na mimi nimefanya nini?

Alhamisi, 20 Peritio

Naandika hapa hapa, kwenye benchi nje ya baraza. Nta ya kibao ninachoandikia imekuwa laini kwa joto la mkono. Baba yuko kando yangu, amevaa aproni ya kazi. Zosimo ametangulia ndani.

Njiani tumegombana. Baba anataka kusema kazi yote ni yake, kuchonga na kuponda. "Mzee kipofu watamwonea huruma."

"Baba, wakijua ni kipofu watauliza nani aliyechonga!"

Hakuwa amelifikiria hilo. Kisha kasema nirudi nyumbani nikamwage unga wa shaba mtoni, nizike patasi. Sikurudi. Nikisema ni mimi, wataniuliza mwanamke kaingiaje kwenye kazi ya mji, na Baba atakuwa amewadanganya miaka miwili. Nikinyamaza, wanamchukua. Nageuza huku, nageuza kule. Na yule wa kisiwani — kama yuko kisiwani — sijui kwa nini namfikiria yeye pia, hasa saa hii.

Mlango umefunguliwa. Karani: "Fundi wa sarafu aingie."

Baba amesimama. Amejinyoosha vizuri, ila amegeukia ukutani. Mlango uko nyuma yake. Karani anamwangalia. Sasa ananiangalia mimi — kucha zangu, weusi wa shaba.

"Fundi ni yupi kati yenu?"

Na mimi nimesimama. Ni mimi nitakayejibu.