Fungu la Seleri Nililokutumia Lodwar

Mama,

Seleri zako bado zipo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama mimi nimekula.

Nazimwagia maji ya kuoshea mchele asubuhi na ya vyombo jioni, kama ulivyozoea. Lile shimo ulilochimba nyuma ya nyumba, ukazipanda humo ndani ili jua la Kakuma lisizichome, limejaa majani. Mashina nimeyazungushia maboksi ya mafuta ya mgao yapate kuwa meupe. Bado nakusikia ukisema, "Seleri inapenda maji kuliko mutoto," huku mimi nimeshika kikombe kitupu. Nilikuwa nakasirika. Sasa sina wa kumkasirikia.

Mama, sijaja. Ambulensi ilipokuchukua kwenda Lodwar, niliambiwa nitakufuata nikipata kibali cha kutoka kambini. Nilikuwa kwenye foleni ya kibali hichohicho waliponipigia simu kwamba umefariki. Watu wa kanisa la huko wakakuzika, Mungu awabariki, lakini mimi sikushika hata udongo. Mpaka leo nikienda ofisini naambiwa nirudi wiki ijayo. Magari ya Lodwar yanapita hapa kila siku, nami nayatazama kama kuku aliyefungwa mguu.

Juzi Akiru, jirani yetu Mturkana anayetuletea kuni, alikuwa anakwenda Lodwar kwa dada yake. Yeye hapa ni kwao, haombi mtu ruhusa. Nikakata fungu zuri, yale mashina meupe kabisa, nikalifunga kwenye kitenge chako nilichokiloweka maji. Nikamwelekeza kaburi kama watu wa kanisa walivyonielekeza. Nikamwomba aliweke pale na aseme tu, Furaha anakusalimu.

Amerudi leo. Nilipomuuliza akatazama chini. "Mimi niliweka hapo kwa kichwa, nikasalimia kwa Kiturkana, ejok mama. Kugeuka hivi, mbuzi imekula yote."

Mbuzi, Mama. Miaka yote umepigana nao kwa miiba na mawe, na bado wamekufuata mpaka huko. Nilicheka hadi nikakaa chini, kisha kicheko kikageuka kilio, Akiru akanishika mabega. Nilimwonea wivu yule mbuzi. Yeye amefika.

Mche mmoja umeanza kutoa maua. Wewe ungeyakata palepale, majani yasije yakawa machungu. Mimi nimeyaacha yatoe mbegu, maana sijui kibali kitakuja lini na sitaki seleri zako ziishe kabla yake. Siku nikifunguliwa nitakuja mwenyewe na fungu jingine, nikae hapo kichwani pako nikiwafukuza mbuzi mpaka jua lizame.

Lala, Mama. Maji yamefunguliwa bombani, naenda kupanga ndoo.

Binti yako,
Furaha