Gitaa lililolia si langu

Shoga, leo nimeumbuka studio. Nimechoka hata kukasirika.

Fundi mitambo katuwekea ule wimbo tuliorekodi, niliopiga gitaa la pedali, lile linalolazwa juu ya miguu kama meza na kukanyagiwa pedali chini. Mimi na mdomo wangu, nikamwambia mwanafunzi wangu, "Sikia gitaa langu linavyolia. Ndiyo maana sibadilishi chapa. Nyingine hazilii hivi."

Fundi akasema taratibu, "Mwalimu, siku ile lako lilikuwa bovu. Hilo ulilopiga ni la kuazima."

La kuazima. Chapa ileile ninayoiponda kila siku.

Akaniuliza, "Sasa lako ulilipendea nini?" Sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikasema ni jepesi, mgongo wangu hautaki tena kupandisha chuma ngazini.

Mwanafunzi hakucheka. Juzi kauza kinanda chake anunue gitaa kama langu, kwa ajili ya sauti ninayomsifia.

Ana miaka ishirini na mgongo mzima kabisa.