Vikombe Vilivyorudi Vitupu

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na Bwana Mkubwa wetu, na huyo aliye tumboni ambaye bado hajapewa cheo. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Jana alinisema tangu chai ya asubuhi mpaka nilipokaa kwenye cherehani. Anauliza kama miguu yako bado inavimba.

Barua yako niliipata Jumanne. Nilicheka uliposema tumbo linafika mlangoni kabla yako, na kwamba pale kwenye kiwanda cha mikate wamekuhamishia meza ya kufungia. Kisha nikafika pale uliposema huyu hutamnyonyesha. Kwamba makopo ya maziwa yako tayari kabatini, na maharage na mayai hujagusa tangu mimba ilipoingia, usije ukamdhuru huyu kama ulivyomdhuru kaka yake. Na chini kabisa ukaniomba nije nikulelee, kwa kuwa hakuna unayemwamini kama mimi. Niliikunja nikaitia kwenye kopo la vifungo. Leo ni Ijumaa, na kila nikitafuta kifungo naiona.

Unanijua, nikiwa na jambo zito napiga porojo kwanza. Basi, porojo zimekwisha.

Unakumbuka uliporudi kazini Bwana Mkubwa akiwa na miezi miwili na nusu, ukaniachia mimi kwa kuwa nashona nyumbani. Kila asubuhi ulikamua maziwa ukajaza vikombe viwili vyenye mifuniko ya kijani, ukaviweka kwenye friji. Nesi wa kliniki alikuwa amekuambia mtoto apewe maziwa yako tu mpaka miezi sita, hata maji asionje. Uliniambia, ukarudia, nikakujibu kwamba masikio ninayo mawili. Jioni ulikuwa unavitazama vikombe kabla hujavua hata viatu. Ukivikuta vitupu unafurahi, unasema mwanao ana bidii, unanishukuru. Siku kumi na moja ulinishukuru.

Siku ya kumi na mbili akaanza kuharisha. Pale hospitali, akiwa na dripu kwenye kile kimkono chake, nesi alikuuliza kama mtoto amepewa kitu kingine chochote. Ulimjibu kama mtu aliyetukanwa, kwamba mwanao hajaonja hata tone la maji. Nesi akanigeukia. Nilikuwa nimeshika mfuko wa nepi. Nikasema hapana, hajapewa kitu.

Mtoto alipona baada ya siku sita. Wewe hukupona. Yule jirani tuliyemwita Mama Ushauri alikuja kukupa pole, akasema tatizo ni maziwa yako, na yanaharibiwa na unachokula. Ukaacha maharage, ukaacha mayai, ukaacha samaki. Ulikula wali mkavu na chai, ukakonda mbele ya macho yangu, na mpakuaji nilikuwa mimi. Maziwa yakapungua mpaka yakakatika. Siku hiyo ulilia, ukasema mwili wako umemkosea mwanao, nami nikakuletea leso ya kufutia machozi. Naona aibu mpaka leo kwa leso ile.

Dada, maziwa yako hayakuwa na kosa lolote. Hakuyanywa.

Nilimpa uji. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, sare zimejaa mpaka kitandani, na yeye alilia kila nikishika kola. Huyo huyo Mama Ushauri alichungulia dirishani, akasema mtoto ana njaa, nimkorogee uji mwepesi atalala. Nikamkorogea. Alilala saa tatu nzima, nikamaliza sketi nne bila kunyanyuka. Kesho yake nikamkorogea tena. Uji wenyewe nilikuwa naukoroga mara moja tu asubuhi, unakaa mezani mpaka mchana, kijiko kile kile. Akishashiba, maziwa yako anayageuzia uso. Sikutaka uyakute ukaniuliza, kwa hiyo niliyamwaga kwenye sinki, nikaviosha vikombe, nikavipanga. Simlaumu jirani. Yeye alisema tu. Mkono uliomwaga ni wangu.

Miaka minne nimejiambia mtoto ni mzima, ya nini kufukua. Kumbe uongo wangu umekaa mezani kwako muda wote huo, unakuchagulia chakula.

Nakuomba mambo mawili, na msamaha si mojawapo. Barua hii mpe nesi wa kliniki aisome, akueleze yeye, maana mimi nimepoteza haki ya kuaminiwa. Na leo hii, kabla hujalala, kula yai. Ukitaka kunitukana, nitukane ukiwa umeshiba.

Mama bado hajui. Nikishabandika bahasha naenda kumwambia, yuko jikoni anamenya vitunguu, na nadhani kisu nitamwomba akiweke chini kwanza.

Msalimie shemeji, na Bwana Mkubwa umbusu kwa niaba yangu kama mkono wako utakubali. Ukiona bado nije, nitakuja. Mtoto usiniachie. Niachie sufuria, nikupikie yale maharage niliyokunyima.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeviosha vikombe